Kiti cha Mzee Anzia Juu

Ukiingia kwenye makumbusho yale kwa mlango mkubwa, utapewa kipeperushi cha karatasi laini kinachokuelekeza uanze ghorofa ya chini, chumba cha kwanza, kwenye mawe. Kipeperushi kiliandikwa na wasomi, na kwa hiyo hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukifuata kwa miguu yake. Chumba cha kwanza kina mawe mia tatu na kitu, yote ya kijivu, na kila jiwe lina maelezo marefu kama wasia wa tajiri. Mgeni mwenye bidii husoma maelezo ya mawe arobaini ya mwanzo, akifika la hamsini anaanza kupiga miayo, na anapopanda ghorofa ya juu, kwenye vitu vyenyewe hasa, milango ya kuchongwa na vyombo vya fedha na ngoma ya mfalme, hana tena miguu wala macho. Anapita mbiombio akiuliza choo kiko wapi.

Mtu mmoja tu katika jengo zima alilijua hilo na kulisema, naye hakuajiriwa kusema. Aliajiriwa kukaa. Alikuwa mlinzi wa chumba cha nne, ghorofa ya kati, pale ngazi zinapokunja kona, na kila aliyechungulia mlangoni pake aliambiwa kwa sauti ya chini, kama vile anapewa siri ya serikali: "Anzia juu. Panda sasa hivi ukiwa na nguvu zako, halafu ushuke polepole. Mawe hayaendi popote." Alilisema hilo kwa miaka ishirini na saba, mpaka jina alilopewa na baba yake likasahaulika pale kazini, akabaki kuwa Mzee Anzia Juu. Hata Mkurugenzi alimwita hivyo, siku alizokumbuka kwamba yupo.

Ushauri wake haukuishia kwenye ngazi. Jumanne asubuhi usije, alisema, ni siku ya shule, utakuta watoto mia mbili na mwalimu mmoja aliyekwisha kata tamaa ya maisha. Njoo Alhamisi mchana, watu wakienda kula. Mkoba mkubwa uache kaunta, lakini toa miwani kwanza, maana mwenye kaunta akitoka kula hutoka na ufunguo. Mnara wa saa una ngazi mia moja na kumi na mbili, na saa yenyewe ilikufa zamani, basi usipande kwa ajili ya saa, panda uone mapaa ya mji, na ushike ukuta wa kushoto, kwa sababu wa kulia una chokaa na utarudi hotelini mweupe bega zima. Ngome kuukuu nenda mapema. Walioijenga waliwafikiria maadui tu, hawakukufikiria wewe, kwa hiyo hakuna kivuli wala maji. Getini watakujia watu watatu wanaojiita waongozaji, na kila mmoja atakuonyesha kisima alimojitosa binti mfalme. Visima vitatu, binti mmoja. Chagua mwenye kisima cha karibu.

Wageni walimshukuru, wengine waliyaandika maneno yake kwenye daftari. Uongozi haukujua. Uongozi ulikuwa na kipeperushi.

Sasa, kiti chake. Kilikuwa kiti cha mbao ngumu, hakina mto wala mikono, kimekaa pembeni mwa dirisha tangu kabla yeye hajaajiriwa. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, umewekewa kadibodi chini. Upande wa kushoto wa kukalia kulikuwa na msumari uliokataa kutulia. Mzee Anzia Juu aliupigilia kwa kisigino cha kiatu kila baada ya wiki mbili, na kila baada ya wiki mbili ulichomoza kichwa tena kuangalia nani amekaa. Ulimtoboa suruali ya sare mahali palepale, chini ya mfuko wa nyuma wa kushoto, na kila ilipotoboka alimpelekea mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, alishonea sebuleni karibu na dirisha, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. "Wenzako huchakaza viatu kazini," alimwambia, akiipokea suruali kwa ncha za vidole. "Wewe unachakaza makalio."

"Ni msumari."

"Msumari haumchomi mtu anayefanya kazi. Unamchoma aliyekaa."

Utani huo aliurudia miaka yote ishirini na saba, na ukweli ni kwamba ulimuuma mzee kidogo kila mara, ila hakusema. Makumbusho yenyewe bibi hakuwahi kukanyaga. Nije kuona nini, alisema, wewe ukiwa umekaa? Hilo naliona hapahapa nyumbani bila tiketi.

Miaka ilipokwenda, goti la kulia likaanza kudai haki zake. Daktari alilibonyeza, akatikisa kichwa, akamwambia asisimame kwa muda mrefu, atafute kazi ya kukaa. Mzee alitoka pale akicheka peke yake barabarani. Dawa alikwisha kuajiriwa nayo. Alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu, na hakutaka jambo lolote jingine duniani isipokuwa kuimaliza miezi hiyo juu ya kiti kile, ndani ya chumba kile, akiwaambia watu waanzie juu.

Ndipo amri ikashuka kwamba kila kitu ndani ya jengo kipewe namba ifikapo Ijumaa. Kwa nini Ijumaa, hakuna aliyejua, ila wakubwa wanaipenda sana Ijumaa. Akaletwa mtaalamu wa orodha, binti mmoja mwenye adabu na haraka, mkono mmoja tepu ya kupimia, mkono wa pili bunda la vibandiko. Alianza na mawe, kwa kufuata kipeperushi, na alipofika chumba cha nne Ijumaa saa tisa alasiri macho yake hayakutofautisha tena tembo na sindano. Akakipa namba kinyago, akaipa namba mizani ya kale, akaupa namba mtungi wa kuzimia moto. Dada wa usafi aliikumbatia ndoo yake kifuani mpaka binti alipopita. Huyo alikuwa na akili.

"Shikamoo mzee wangu. Samahani, hebu simama kidogo nipime hiki."

"Marahaba." Mzee Anzia Juu akasimama. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, alimshikia binti ncha ya pili ya tepu.

Mtungi wa moto ulifutwa kwenye orodha Jumatatu, baada ya watu wa zimamoto kuja na kufoka. Kiti hakikuwa na wa kukifokea. Jumatatu hiyohiyo mzee alikikuta kimezungushiwa kamba nyekundu, na mbele yake kibao kidogo kilichoandikwa vizuri: *Kiti. Mbao ngumu. Kimetumika sana. Mtumiaji hajulikani.* Chini ya kibao aliachiwa barua yake mwenyewe, inayomkumbusha kwamba kazi ya mlinzi ni kuhakikisha hakuna mtu anayegusa, kuegemea au kukalia vifaa vya makumbusho.

Akaisoma mara mbili. Kisha akasimama karibu na kiti chake, kukilinda asije akakikalia.

Alimfuata yule binti ofisini. "Binti yangu, mtumiaji si mimi? Ijumaa umeniinua kwa mkono wako."

"Nakuamini, mzee wangu," alisema mtaalamu, na alionekana anamwamini kweli. "Lakini mimi kukuamini si ushahidi. Lazima pawe na kumbukumbu."

"Waulize wenzangu."

"Ushahidi wa mdomo tunaupokea kwa mambo ya kale tu."

Yaani hakuwa wa kale vya kutosha. Basi akaomba kiti kingine. Ombi likazunguka ofisi nne, likarudi na jibu kwamba kwa mujibu wa orodha mpya chumba cha nne tayari kina kiti. Akabeba kigoda cha nyumbani, akarudishwa nacho mlangoni, kwa kuwa kitu kisicho na namba hakiruhusiwi kuingia vyumbani. Ukitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kukosa pa kukaa mbele ya kiti kitupu, mambo ndiyo hayo.

Alisimama wiki tatu. Wiki ya kwanza alijikaza kisabuni. Ya pili goti likavimba. Ya tatu ushauri wake ukaanza kupungua maneno, "Anzia juu," basi, hana pumzi ya kueleza mnara wala visima, na wageni wakaenda zao na mikoba yao na miwani yao ndani. Hilo lilimkera kuliko goti. Siku moja Mkurugenzi alipita na wageni wake wa heshima, akamkuta ameegemea kabati la kioo.

"Mzee, kama kusimama kunakushinda, tutakusaidia," alisema Mkurugenzi kwa sauti ya mtu mwenye huruma. "Tarehe moja utahamia lango la magari."

Msaada wenyewe ulikuwa kusimama juani na filimbi, kuonyesha magari pa kuegesha.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika tarehe hiyo. Akaandika barua ndefu yenye heshima zote, na safari hii walimjibu haraka, kwa sababu kumbe kanuni ilikuwepo. *Kifaa ambacho mtumiaji wake anajulikana, na bado yuko kazini, hakitahesabiwa kuwa kumbukumbu, na kitarudishwa katika matumizi.* Mzee aliisoma mpaka mwisho. Kumbe kiti ni chake, akithibitisha tu kwamba yeye ndiye yeye. Aende masijala, wakamwambia, atoe faili lake. Akashuka ngazi za ghala la mafaili moja moja, akishika ukuta, akakuta mchwa wamelisoma faili lake kabla yake na hawakubakisha hata jalada. Nyumba inayojua mfalme wa miaka mia tatu iliyopita alikula kwa mkono gani, haikuweza kuthibitisha nani alikaa chumba cha nne mwezi uliopita.

Jioni hiyo alikaa sebuleni na mguu ndani ya beseni la maji ya moto, akamweleza mkewe yote. Mwanzoni alikuwa amemficha, kwa kuogopa utani. Alijua kabisa utakavyokuja: leo umenyang'anywa kazi yako ya kukaa. Alisubiri. Mashine ya kushonea ilinyamaza, na utani haukuja.

"Wameandika hujulikani?" mkewe aliuliza.

"Wameandika mtumiaji hajulikani."

"Ni nani mwingine aliyekuwa anatumia?"

Bibi akainuka, akafungua sanduku la vitambaa lililokuwa chini ya meza ya cherehani, akaanza kutoa vitu. Fundi yule hakuwahi kutupa kitambaa maishani mwake. Zikatoka suruali za sare, moja baada ya nyingine, za kaki, za kijani, za buluu, jumla saba, kila moja na kiraka chake nyuma kushoto. Akazikunja ndani ya kanga, akafunga fundo.

"Kesho wanafungua saa ngapi?"

"Saa tatu. Lakini mama watoto, ukija, anzia—"

"Lala, baba watoto. Goti limevimba hilo."

Kesho yake ilifika saa tatu, ikafika saa nne, bibi haonekani. Mzee alikuwa anachungulia ngazi kila dakika. Saa nne na nusu akatokea, kifurushi kichwani, kipeperushi mkononi, anahema.

"Yale mawe yote ni ya nini?"

"Umeyasoma?"

"Si karatasi imesema nianzie pale."

"Nimekwambia miaka yote watu waanzie juu."

"Nilijua unaongea tu," alisema mkewe, akijifuta jasho, na kwa mara ya kwanza alikitazama chumba cha nne, kinyago, mizani, dirisha, kamba nyekundu. Akakisoma kile kibao. Akakisoma tena, midomo ikicheza. "Niitie huyo aliyeandika."

Mtaalamu wa orodha alikuja akidhani kuna kilichovunjika. Bibi alipokea shikamoo yake, akafungua kanga sakafuni, akazipanga suruali saba kwa mstari, pindo za miguu zikiwa nusu inchi kutoka kwenye kamba. Kisha akavua futi ya kushonea iliyokuwa shingoni.

"Pima kutoka katikati ya kiti mpaka kwenye msumari," alimwambia binti. "Usikae. Pima tu."

Binti akapima, akataja. Bibi akapima suruali ya kwanza, kutoka mshono wa katikati mpaka katikati ya kiraka, akataja. Akapima ya pili. Ya tatu. Ya nne binti alipiga magoti akapima mwenyewe, na ya tano, na ya sita, na ya saba. Hakuna iliyopishana na mwenzake wala na kiti hata unene wa kidole. Wanawake wawili wenye tepu, mmoja wa kisomo na mmoja wa cherehani, walitambaa kwenye sakafu ile bila kumkumbuka mwenye makalio, aliyesimama pembeni anaona aibu mbele ya wageni wawili waliokuwa wanapiga picha.

"Mama, hizi ni za miaka gani?"

"Hii ya kaki ni ya mwanzo kabisa, kabla sare hazijabadilishwa. Hii alikuwa anaivaa mwaka aliozaliwa binti yetu wa mwisho, ndiyo maana uzi si wake, sikuwa na nafasi ya kwenda kununua unaofanana. Hii ya kijani nimeibandika mara nne."

"Na mbona kiraka ni kinene hivi?" Binti alikigeuza, akakibonyeza.

"Ndani nimetia flana. Mara mbili. Na mshono nimeupitisha kwa nje usimkate." Bibi alisema hayo kama mtu anayetaja bei ya vifungo. "Mtu anakaa juu ya msumari kutwa nzima. Ulitaka niweke nini?"

Mzee Anzia Juu alisikia hayo, akahisi uso unawaka. Miaka ishirini na saba alijisifu moyoni kwamba ameuzoea msumari, kwamba ngozi yake imekuwa ngumu, kwamba yeye ni mvumilivu. Kumbe alikuwa amekalia flana. Utani wote ule, na kila mara suruali ilirudi imepigwa pasi, na chini ya utani kulikuwa na vitambaa viwili laini ambavyo hakuwahi hata kuvigusa kwa kidole. Wala hakuwahi kusema ahsante. Alitaka kuisema pale pale, akaishia kukohoa.

Kamati ilikaa Ijumaa, bila shaka. Ikaridhika kwamba ushahidi wa kifaa umepatikana, kwamba mtumiaji anajulikana na yuko kazini, na kwamba kiti kirudi katika matumizi mpaka siku mtumiaji atakapostaafu, ambapo kamba itarudi. Lango la magari likatafutiwa mwingine. Jumatatu saa tatu kamili Mzee Anzia Juu alikaa kwenye kiti chake, akanyoosha mguu wa kulia, na msumari ukamgusa mahali pake, kwa mbali.

Suruali ya kijani, ile ya viraka vinne, mtaalamu aliiomba kwa ajili ya mkusanyo. Bibi alitoa bila maneno, ila aliuliza kama wataipiga pasi. Wiki mbili baadaye iliwekwa chumba cha nne, ndani ya kabati la kioo, imepigwa pasi na taa juu yake, na mzee alipofungua chumba asubuhi alikikuta kibao kipya, kimeandikwa vizuri vilevile:

*Suruali ya sare ya mlinzi. Kiraka chenye flana ndani. Mshonaji hajulikani.*

Alikwenda ofisini kwa kuchechemea. Binti alimpokea kwa adabu zote, akamwonyesha fomu: palikuwa na nafasi ya jina la mtoaji, nalo lilikuwepo, la mke wake, limeandikwa bila kosa. Palikuwa na nafasi ya mshonaji. Hapo panahitaji kumbukumbu.

"Alikwambia mwenyewe, ukiwa umepiga magoti mbele yake."

"Alisema kwa mdomo, mzee wangu."

Nyumbani, mkewe alipoambiwa, alicheka mpaka akaondoa mguu kwenye mashine. "Waache. Kwani wewe unanijua?"

"Nakujua," alisema mzee. "Na ahsante kwa flana."

Bibi alimtazama kana kwamba amesikia jambo la hatari, akashika kitambaa chake, akaendelea kushona.

Barua ya kwanza ya mzee kuhusu kibao ilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Ya pili haikujibiwa. Sasa amebakiza miezi miwili, na hajaandika ya tatu. Ila ukichungulia chumba cha nne atakwambia uanzie juu, utoe miwani kwenye mkoba, ushike ukuta wa kushoto kule mnarani. Halafu atakwambia, ukishuka, usipite bila kuiona ile suruali. Na kiti ambacho nusura kimtoe roho kukipigania anakiacha, anainuka na goti lake bovu, anakuongoza hadi kwenye kioo, anaweka kidole juu ya kile kibao na kulifunika neno la mwisho.

"Mshonaji ni mke wangu," anasema. "Muda huu yuko nyumbani, kwenye mashine yake."